Mwenye Gari Apande Kwanza

Nimepita vita mbili katika huu mukoa wetu na hakuna risasi iliyonigusa. Aliyenigusa ni kaka mukubwa wa bwana yangu, shemeki yangu mwenyewe, tena hakutumia bunduki. Alitumia gari. Jina lake sitaliandika, maana watoto wangu wanalibeba na hawana kosa. Lakini mutu wa Nyangezi akisoma mistari mitano atamujua, na yeye akisomewa atajijua.

Ninaandika namna nilivyochagua gari yangu, kamioneti ya tani tatu ya kubebea mihogo mikavu na maharagi kutoka Walungu mpaka soko ya Kadutu. Mutu wa mujini anafikiri kuchagua gari ni kuangalia moteri na mipira ya magurudumu. Kwangu ilikuwa kuchagua mutu gani nitamuachia roho yangu mara ingine. Nilisoma mpaka mwaka wa ine wa primer, kisha baba akasema inatosha kwa mutoto mwanamuke. Mambo ya magari sikuyasoma popote. Niliyajulia juu ya mifuko. Miaka mingi nilisafiri nimekaa juu ya mali yangu kama wanawake wote wa soko: gari inajazwa mpaka juu, halafu watu wanapandishwa juu ya mifuko, na mwenye gari anakaa kwenye kabini au anabaki nyumbani.

Siku ile yeye alibaki nyumbani.

Tulikuwa tunateremuka kuingia Nyangezi, mimi na bwana yangu juu ya mihogo, pamoja na wanawake wengine wawili. Gari ilikuwa ya shemeki. Kwenye kona nilisikia shofere anapiga pedale ya freni, pa, pa, pa, kama mutu anayekanyaga nguo mu beseni. Haikushika. Bwana yangu alinisukuma kwa mukono mumoja nikaangukia upande wa kilima. Yeye akaenda na gari mpaka korongoni. Wale wanawake wawili pia. Mufuko mumoja wa mihogo ulinifuata ukaniangukia kwenye muguu wa kuume, na mpaka leo huo muguu hauna adabu, unaenda unakotaka wenyewe.

Wiki mbili kisha, shofere alikuja kuniona. Yeye aliruka akapona. Alisimama mbele ya kitanda, kofia mukononi, machozi yanamutoka.

"Maman, mu freni haikukuwa oili. Ilikuwa maji ya sabuni."

"Sabuni ya nini?"

"Ya kufulia. Oili ilikuwa inavuja. Nilimwambia patron tangu siku ya lundi. Akasema tia maji ya sabuni, oili tutatia kisha soko."

Asiyejua mambo haya nimweleze. Maji ya sabuni yanasukuma freni vizuri asubuhi, gari ikiwa baridi. Kwenye muteremuko freni zikipata moto, maji yanachemuka, na pedale inashuka mpaka chini, laini kama bugali. Kila mwenye gari anajua. Yeye alijua.

Famili ilifanya nini? Ilikaa kikao. Muzee wa famili, baba mudogo wa bwana yangu, ule anayesema neno la mwisho, alisema ajali ni ya Mungu na damu haishitaki damu. Shemeki akaleta mbuzi na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, watu wakainywa kwa kibuyu kimoja, wakasema imeisha. Mimi nilikuwa ninalala kwenye mukeka. Kibuyu kiliteremushwa mpaka kinywani mwangu, nikanywa. Nikitaja wenye makosa, ule aliyekunywa naye yuko ndani.

Shofere alifukuzwa kazi. Ndiyo alikuwa mwenye kosa peke yake, walisema, sababu alikuwa hai na alikuwa maskini.

Miaka tisa nilifanya biashara kwa gari za watu. Unaamka, unatafuta shofere, unamubembeleza, anakuambia leo anaenda na mbao. Mihogo yako inanyeshewa kando ya barabara. Mwisho nikasema basi, nitatafuta yangu. Na kabla sijamaliza kusema, gari mbili zilikuwa mbele yangu.

Ya kwanza ilikuwa kwa mufanyabiashara mumoja muislamu, mutu wa Uvira ambaye babu yake alitoka pwani. Ana kiwanja mujini, anauzisha magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo. Nilienda na mekanisie mumoja muzee wa Bagira, mutu mukavu, anayesema na moteri kuliko na watu. Sikumuchagua sababu ya ujuzi tu. Nilimuchagua sababu alikuwa amegombana na wauza magari wote wa Bukavu, hakuna hata mumoja angemununulia bia.

"Fungua unachotaka, fundi," ule mufanyabiashara alimwambia. "Gari si bibi arusi."

"Hata bibi arusi," mekanisie akajibu kutoka chini ya gari, "kama ningemuangalia vizuri, leo ningekuwa na amani kwangu."

"Na yeye kama angekuangalia vizuri," nikamwambia, "angeolewa na mbuzi."

Mufanyabiashara alicheka mpaka akashika mulango wa gari. Mekanisie hakucheka. Alitoa magurudumu yote, akaangalia freni moja moja. Alifungua kichupa cha oili ya freni, akatia kidole, akanusa, kisha akanipaka kwenye kiganja. "Nusa nawe. Ukisikia harufu ya nguo safi, tunaenda zetu." Nilinusa. Ilikuwa oili.

Nikamuuliza mufanyabiashara: "Na ubaya wake?"

"Mama, sitakuficha. Hizi springi za nyuma ni nyembamba. Ukiizidishia mzigo itakaa chini kama punda aliyechoka. Na boksi lake la kubebea ni fupi. Haitabeba kama gari za wenzako."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa gari ndogo ya rangi nyeupe, kingo za boksi zinafika kwenye kifua tu. Mekanisie alisema itadumu, lakini nitasafiri mara mbili kwa mali ambayo mwingine anabeba mara moja. Nikasema nitafikiri.

Ya pili ilikuwa ya shemeki.

Usifikiri alikuwa na gari ileile. Ile ilikufa na watu wake. Huyu alinunua ingine, ya bleu, boksi ya juu, chuma kila upande, springi zimeongezwa. Masoko yote inajulikana, ukiisikia honi yake Walungu wanawake wanaanza kubeba mifuko. Usukani wake uko kuume, na watu wanasema ni ubaya mu inchi yetu, lakini mimi mwenyewe nilikuwa ninajua kona za Nyangezi: ukiteremuka, korongo liko kuume, na shofere aliyekaa kuume anaona mwisho wa barabara chini ya gurudumu lake. Nasema haya ili mutu asiseme nilikuwa na chuki peke yake. Chuki ninayo. Lakini ile gari ilikuwa nzuri kuiangalia, na kama ingekuwa ya mutu mwingine ningeiangalia mara mbili.

Alisikia kwamba ninatafuta. Hakuja kwangu, alienda kwa muzee. Na muzee akaniita Nyangezi siku ya mungu kisha misa.

Hapa lazima nieleze tabia ya kwetu. Sisi Bashi ni watu wa ng'ombe. Ng'ombe hanunuliwi ovyo: unauliza mama yake alikuwa nani, alizaa mara ngapi, alikaa zizi la nani. Ng'ombe wa mutu usiyemujua ni wa wizi ao wa ugonjwa. Lakini ng'ombe wa ndugu yako humufungui kinywa kuangalia meno. Kumufungua kinywa ni kumuita ndugu yako mwizi mbele ya watu. Sasa wazee wetu wametoa hii sheria kwenye zizi wakaitia kwenye magari. Gari ya ndugu ni nzima, sababu ni ya ndugu. Gari ya mugeni, hata ikiwa mupya, hujui mama yake. Wangapi wamezikwa na hii akili? Mimi ninamujua mumoja, nililala naye kitanda kimoja.

Nilifika, nikamukuta muzee kwenye kiti, koti la misa bado liko mwilini. Shemeki alikuwa pembeni, suruali nyeusi, viatu vinaangaza. Gari ya bleu ilikuwa mu kiwanja, imeoshwa mpaka mipira.

"Mukamwana," muzee akaanza, "tunasikia unataka kununua gari kwa ule muswahili wa mujini."

"Nimeiangalia, Papa."

"Sababu ya nini famili iko na gari, na weye unaenda kununua inje? Batu batasema nini?"

"Batu banasemaka kila siku, Papa. Hata bwana yangu alipokufa balisema."

Shemeki akakohoa. Alianza na ile sauti yake ya sukari. "Shemeki, minajua moyo yako ingali inauma. Lakini hii gari unaijua. Unajua springi zake. Unajua shofere yake. Ile ya muswahili unajua nini yake?"

"Ninajua freni yake," nikasema. "Nilinusa."

"Ulinusa freni?" Akawageukia wanaume waliokuwa wamekaa kwenye benchi. "Ananunua gari kwa pua! Maman, iko gari ao iko samaki ya sambaza?"

Walicheka. Mimi nilingoja wamalize kucheka. Halafu nikamwambia muzee: "Papa, ninakubali kuangalia ile ya famili. Lakini mekanisie yangu afungue freni."

Muzee aliangalia chini kama mutu niliyemuvulia nguo. Shemeki akasimama.

"Mekanisie? Unaniletea mekanisie kwa nyumba ya baba yangu? Minauzisha bamama ya inje gari miaka yote, hakuna aliyeniletea mekanisie. Weye ndiyo unafungua kinywa ya ng'ombe yangu?"

"Basi," nikasema, "mekanisie asifungue kitu. Tutaijaza tu."

Hakuna sheria ya ng'ombe inayokataza kumutembeza ng'ombe. Muzee mwenyewe alikubali: "Kuijaza haina shida. Aone inavyobeba." Na shemeki, sababu ya kiburi cha zile springi zake, akasema kwa sauti kubwa ijazwe mpaka juu, tena juu ya juu. Mu ghala yake kulikuwa mifuko ya mihogo. Wanaume wakavua makoti ya misa wakajaza. Ilibeba kweli. Haikukaa chini hata kidogo, ilisimama kama nyumba. Watu wakaanza kusema unaona, unaona sasa.

Kutoka kwenye kile kiwanja barabara inateremuka kwenda darajani. Haina urefu, lakini ni kali, kona moja chini.

"Iteremuke mpaka daraja kisha ipande," nikasema.

"Iteremuke," shemeki akasema. Akamuita shofere wake.

"Na weye upande."

"Nitapanda kwa kabini."

"Hapana, shemeki. Juu. Juu ya mifuko, pahali tunakaaka sisi."

Shemeki akacheka peke yake. "Na suruali ya misa?"

"Suruali nitakufulia mimi mwenyewe."

"Mugongo inaniuma."

"Mugongo ya bwana yangu haikukuwa inauma?"

"Muzee, unamusikia? Ameanza ile mambo yake."

Muzee aliniangalia mimi, halafu gari, halafu yeye. Akasema polepole, "Panda, mutoto yangu. Ni dakika mbili. Panda tumalize hii maneno."

Shemeki aliweka muguu kwenye chuma cha boksi. Nilimuona kwa macho yangu. Aliuweka, akaangalia shofere, shofere akaangalia pembeni. Akautoa. Akanionyesha kidole. "Kwa nini mimi? Ndiyo weye unanunua. Panda weye!"

"Mimi nilishapanda," nikamwambia.

Sikuwa nimefikiri kusema vile. Ilitoka tu. Wanawake wa famili waliokuwa wanapika walitoka mulangoni na vijiko mukononi.

Na sasa ninakuja kwenye kitu ambacho nikikumbuka kinanichoma kuliko kifo chenyewe. Muzee alisimama. Alikuwa muzee sana, anatembea na fimbo, lakini aliona aibu ya famili imewekwa inje mbele ya wanawake, akataka kuifunika na mwili wake. Akavua kofia, akampa fimbo mutu. "Nitapanda mimi," akasema. "Muniinue." Wanaume wawili wakamushika kwa makwapa, muguu wake ukafika kwenye chuma cha kwanza, cha pili. Shofere alikwisha kuwasha moteri.

Shemeki akakimbia. Huyo mwenye mugongo unaouma alikimbia, akamukamata muzee kwa koti, akamuvuta chini kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika.

"Hapana, Papa! Usipande! Shuka!"

"Kwa nini?" muzee akauliza.

Alikuwa anapumua kama mutu aliyetoka mu maji, amemukumbatia muzee.

Kumbe anao mukono wa kukamata mutu. Kumbe anajua kukimbia. Miaka tisa nilijiambia labda siku ile hakufikiri, labda alisahau, mutu anasahau. Pale kwenye kiwanja niliona hasahau. Anajua kila asubuhi kile kiko mu freni zake, na kila asubuhi anachagua ni nani apande. Bwana yangu alikuwa mudogo wake wa tumbo moja. Kwake hakukimbia.

Nilitembea mpaka kwenye gari. Nilimwambia shofere azime. Halafu nikawaambia wote, kwa sauti, sababu nilijua hakuna kikao kingine watakachoniita: "Mumeona. Musiseme tena ni Mungu."

Unafikiri waliomba samahani? Uko mugeni. Mama mumoja wa famili alianza kunilaumu kwamba nimeharibu siku ya mungu na chakula kimeungua. Mwanaume mumoja akasema mwanamuke akikaa bila bwana miaka mingi kichwa kinaharibika. Shemeki aliingia nyumbani akafunga mulango. Muzee alibaki amekaa na koti lisilo na kifungo. Nilipoenda kumuaga hakunipa mukono.

"Ununue gari yako," akaniambia. "Lakini usiilete hapa. Na batoto bakitaka kuniona, bakuje na miguu."

"Batakuja na miguu, Papa. Bako nayo."

Hilo lilikuwa neno baya kumwambia muzee. Silirudishi.

Kesho yake nilichukua ile nyeupe. Kwa kawaida mutu akipata gari, famili inakuja, padiri ananyunyiza maji ya baraka, watu wanakunywa. Padiri alikuja. Famili haikuja. Mekanisie wa Bagira alikunywa sehemu ya watu wote bila kulalamika.

Gari yangu inabeba kidogo, kama mufanyabiashara alivyosema. Ninasafiri mara mbili. Na juu ya mifuko simupandishi mutu. Kwa hiyo kule Walungu wananiita mwenye choyo. Wanawake ambao nilikaa nao juu ya mifuko miaka mingi wananiimbia nikipita: "Maman Kabini! Maman amekuwa muzungu!" Waimbe. Wakijua kwamba sababu yangu ni woga, wataimba mbaya zaidi.

Shemeki aliuzisha ile ya bleu. Hakuna aliyefungua kichupa, ninaapa. Alimuuzia ndugu ya bibi yake, mutu wa Luhwindja, famili tena, ng'ombe wa ndugu tena. Siku moja ya soko niliikuta Walungu, imejaa, wanawake sita wamekaa juu na vikapu, wanangoja kuondoka. Mwenye gari mupya alikuwa chini anahesabu mifuko. Nilienda na muguu wangu mubaya mpaka pembeni ya gari, nikasema kwa sauti ya soko, ile sauti ya kuuzisha mihogo:

"Bamama, mumuambie patron apande nanyi kwanza. Mumuambie anuse freni yake. Aliyemuuzia hii gari aliua bwana yangu na maji ya sabuni, na mimi niko shahidi."

Mwenye gari aliniita muchawi. Mwanamuke mumoja juu akapiga kelele: "Weye unakataa kutubeba, na unakataza anayetubeba! Tulale hapa?" Wengine wakamuunga mukono. Alikuwa na haki yake, mvua ilikuwa inakuja.

Wawili walishuka. Ine walibaki, wakaniangalia na macho mabaya mpaka gari ikapotea kwenye kona. Mimi pia niliwaangalia.

Kwenye kabini yangu, pembeni ya shofere, kuna nafasi ya watu wawili tu. Niliwapa wale wawili. Mumoja hakusema hata aksanti, alikuwa ananiogopa. Mimi nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda Bukavu, mvua inanipiga usoni, muguu unauma kila shimo, na kila shimo ninalaani. Moto ilikuwa inateleza. Nilimwambia mwenye moto asimame kabla ya muteremuko, anionyeshe freni zake. Alinionyesha huku anatukana.